Kikalio cha choo: Kiache kishuke chenyewe

Mpenzi msomaji, kuna mambo ya nyumbani ambayo watu huona haya kuyazungumza, na choo ndicho cha kwanza katika orodha hiyo. Tutaongea kuhusu mapazia, makochi na viungo vya pilau hadi usiku wa manane, lakini ukitaja choo, wageni hutazamana. Leo niwie radhi. Nataka tuingie humo humo, mimi nawe, tuzungumze kuhusu kikalio, yaani ile pete tunayoikalia katika choo cha kisasa, pamoja na kifuniko chake.

Sikuamka tu na kuamua kuandika haya. Nimesukumwa na kitindamimba wangu.

Mwanangu huyo wa kiume alipotimu miaka mitatu, alikuwa ameshaacha nepi, nami nilikuwa nikijigamba kwa majirani. Mara, ghafla bin vuu, nikaanza kukuta mkojo kwenye kona ya bafu, nyuma ya ndoo, na siku moja ndani ya kiatu cha babake. Nilimgombeza. Nilimwita mvivu. Nilimtishia kwamba ningemrudishia nepi, aende nazo chekechea wenzake wamcheke. Alinitazama tu, machozi yakimlengalenga, asiseme neno.

Aliyenifumbua macho ni dadake wa miaka tisa. "Mama, yeye haogopi choo," akaniambia tukichambua mboga. "Anaogopa kile kitu cha juu. Kilimwangukia."

Nilikwenda kukitazama kikalio chetu kana kwamba sijawahi kukiona. Kilikuwa cha mbao nzito iliyopakwa rangi, tulichokirithi kwa mpangaji aliyetutangulia. Bawaba moja ilikuwa imelegea, kwa hivyo ukikiinua hakikuegemea sawasawa nyuma. Kilisimama wima kidogo, kikatafakari, kisha kikarudi chini kwa kishindo. Sisi watu wazima tulikuwa tumezoea kukizuia kwa goti bila hata kufikiri. Mtoto wa miaka mitatu hana goti la kufika huko. Anapokojoa amesimama, tumbo lake ndilo linalokaribia ukingo wa bakuli. Siku hiyo kilimgonga vidole vya mkono aliokuwa ameegemeza ukingoni. Kingalisogea inchi mbili tu, kingalimpata pabaya zaidi.

Usidhani nakuza mambo. Mwaka 2008 madaktari wa Leighton Hospital, katika mji wa Crewe nchini Uingereza, waliandika katika jarida la BJU International kuhusu wavulana wanne wa umri wa miaka 2 hadi 4 waliofikishwa kwao baada ya kubanwa uume na kikalio cha choo. Wote walikuwa wameshajua kwenda chooni peke yao. Waliinua kikalio, nacho kikawaangukia. Madaktari hao walionya juu ya vikalio vizito, wakawashauri wazazi watumie vile vinavyoteremka polepole, na tena wakasema kwamba nyumbani mwenye wavulana wadogo, ni afadhali kikalio kiachwe juu baada ya matumizi. Nilipoyasoma hayo nilicheka kidogo kwa uchungu, kwani kwa miaka minane nimekuwa nikigombana na baba watoto kwa kuacha kikalio juu!

Basi, tuje kwenye dawa yenyewe. Kikalio kinachojishusha kinafanana na kile cha kawaida kwa nje. Siri yake imo ndani ya bawaba. Humo mna vikasha viwili vidogo vya duara, na ndani ya kila kimoja mna bapa na grisi nzito. Kikalio kinapoteremka, bapa huisukuma grisi, na grisi hulazimika kupenya katika mwanya mwembamba. Ni kama uji mzito unaopita kwenye mdomo wa kibuyu: utatoka, lakini kwa wakati wake. Ukikiinua, grisi hupita bila shida, na ndiyo maana hakikupi uzito mkononi. Hakuna umeme wala betri. Kinashuka kwa uzito wake chenyewe, taratibu, hadi kinalala juu ya bakuli pasipo kutoa hata sauti.

Kabla hujafungua mkoba, pima. Wengi hukosea hapa. Wanaingia dukani na kusema, "Nipe kikalio cha choo," wakarudi nyumbani na kitu kinachoning'inia mbele kama ulimi. Chukua tepu ya kupimia, upate vipimo vitatu. Kwanza, umbali baina ya matundu mawili ya bolti nyuma ya bakuli, kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya lingine. Pili, urefu kutoka kwenye mstari wa matundu hayo hadi ncha ya mbele ya bakuli. Tatu, upana wa bakuli mahali palipo papana zaidi. Kisha tazama umbo lake: ni la mviringo, la yai, au ni mraba kwa nyuma? Chora kwenye karatasi ukipenda. Mimi nililaza gazeti kuukuu juu ya bakuli lililosafishwa, nikafuata ukingo kwa kalamu, nikaenda nalo dukani. Muuzaji alitabasamu, lakini nilitoka na kikalio kinachotoshea.

Ukiwa huko dukani, usinunue kilichofungwa ndani ya boksi bila kukijaribu. Omba kifunguliwe. Kiinue na ukiachilie. Kikalio na kifuniko vyote viwili vinapaswa kuteremka polepole, maana kuna vingine ambavyo kifuniko tu ndicho kinachojishusha, na kikalio chenyewe huanguka kama jiwe. Hicho hakitakufaa kwa sababu kinachomdhuru mtoto ni kikalio. Uliza pia kama kina kitufe cha kukichomoa wakati wa kusafisha. Mimi nililipa Sh2,800. Najua si pesa kidogo mwezi wa karo, lakini nililinganisha na gharama ya kumpeleka mtoto hospitali usiku kwa teksi.

Kukifunga si kazi ya kumwitia fundi, ingawa wangu alitaka Sh1,000. Kazi ngumu ni kukitoa kile cha zamani. Inama uchungulie chini ya bakuli kwa nyuma, utaona nati mbili. Zikiwa za plastiki, zitafunguka kwa mkono au kwa koleo. Zikiwa za chuma, huenda zimeshikwa na kutu kwa mkojo na maji ya miaka mingi. Zitie mafuta ya kulegeza kutu, uziache kwa nusu saa unywe chai. Zikikataa, kata bolti kwa msumeno wa chuma, lakini kwanza kinga bakuli kwa kitambaa ili usilikwaruze. Katu usizigonge kwa nyundo. Bakuli ni la udongo uliochomwa, na likipata ufa, safari yako imegeuka kuwa ya kununua choo kizima.

Ukishakitoa, sugua vizuri mahali bawaba zilipokuwa. Uchafu utakaouona hapo utakusikitisha, lakini usiniambie sikukuonya. Pakaushe. Weka washa za mpira juu ya matundu, simamisha bawaba mpya, pitisha bolti, kisha kaza nati kwa chini kwa mkono. Kabla hujazikaza kabisa, laza kikalio uone kama kimekaa katikati. Kikienda upande, kisogeze. Halafu kaza tena kidogo. Nasema kidogo, mpenzi msomaji. Ukikaza kwa spana kwa nguvu zako zote, utapasua bakuli au utavunja nati ya plastiki. Baada ya wiki moja, rudi ukazikaze tena, kwa kuwa hulegea watu wanapoanza kukikalia. Kazi yote ilinichukua chini ya saa moja, kutu pamoja.

Sasa sikiliza jambo muhimu kuliko yote. Kikalio hiki kina adui mmoja tu: mkono wenye haraka. Ukikisukuma chini kwa nguvu, unailazimisha ile grisi ipite pasipopitika, na kidogo kidogo unaviharibu vile vikasha. Siku moja utakiachilia na kitaanguka pwaa, sawa na kile ulichokitupa. Nyumbani kwangu mkosaji wa kwanza alikuwa baba watoto, ambaye hata mlango wa matatu huufunga kama amegombana nao. Nilimwomba, nikamkumbusha, mwishowe nikabandika karatasi ukutani: "Kiache kishuke chenyewe." Dadake mtoto aliandika kwa rangi nyekundu. Haraka haraka haina baraka, hata chooni.

Usafi nao una mipaka. Kipanguse kwa maji ya sabuni na kitambaa laini. Dawa kali za kuondoa madoa ndani ya bakuli zikiachwa zitone kwenye bawaba, hula chuma na kuchosha plastiki. Ukizitumia, inua kikalio au ukichomoe kabisa, kisha suuza. Na usikitumie kama ngazi ya kufikia balbu! Usishtuke pia kikiteremka polepole zaidi wakati wa baridi ya Julai. Grisi nayo huhisi baridi.

Mgeni wa kwanza kukisifu alikuwa mama mkwe, aliyekuja kutoka Taita kutibiwa magoti. Kuinama kwake ni mateso. Zamani alikuwa akikiacha kifuniko wazi kwa sababu kukishusha kulimlazimu apinde mgongo hadi chini. Sasa anakigusa kwa ncha ya vidole tu, kisha anaondoka zake. "Mwanangu," akaniambia, "hiki kimenielewa." Nami niligundua kwamba tumekuwa tukipanga nyumba zetu kwa vipimo vya mtu mmoja tu, mwenye nguvu na mwenye magoti mazima, tukiwasahau mtoto na mzee.

Je, kitindamimba? Siku ya kwanza alisimama mlangoni, akatazama kwa mbali. Nilikiinua nikakiachilia. Kilishuka. Nikarudia. Mara ya nne alisogea, akaweka kiganja chake juu ya bakuli, nami moyo ukanidunda. Kikalio kilimfikia kikatua juu ya mkono wake kama kuku anavyotua juu ya mayai. Akacheka hadi akaketi sakafuni. Tangu siku hiyo, kona ya bafu ni kavu.

Nilimwomba msamaha. Najua wapo wazazi wanaoamini kwamba mtu mzima hamwombi mtoto msamaha. Lakini nilikuwa nimemwita mvivu ilhali alikuwa mwoga, tena mwoga mwenye sababu.

Hapo ningeweza kukomea, ila kuna jambo lililotokea mwezi mmoja baadaye ambalo sina budi kukueleza. Tulimtembelea jirani Jumamosi moja jioni. Mwanangu akaenda chooni, na mara tukasikia kishindo kilichotuinua vitini. Tulimkuta amesimama, mzima, macho yamemtoka. Alikuwa ameinua kikalio cha jirani na kukiachilia, akingoja kishuke polepole kama cha kwao. Nilielewa papo hapo kosa langu la pili. Nilikuwa nimemfundisha kwamba vikalio vyote vina huruma.

Kwa hivyo, ukishafunga chako, usidhani umemaliza. Mtoto ataenda kwa jirani, kwa shangazi, kanisani na hotelini. Mfundishe kwamba kikalio cha nyumbani ndicho pekee kinachojishusha. Mfundishe kukiinua hadi kiegemee nyuma kabisa, na kukishusha kwa mikono miwili mahali pengine popote. Mwambie asiweke vidole ukingoni. Akiwa bado mdogo, fuatana naye ukishike mwenyewe. Au akojoe ameketi, si aibu kwa mvulana.

Na ikitokea ajali hata hivyo? Usimcheke wala usimgombeze. Weka kitambaa kilicholowa maji baridi mahali palipobanwa. Ukiwa na barafu, ifunge kwa kitambaa kwanza, usiiweke moja kwa moja juu ya ngozi. Ukiona damu, uvimbe unaozidi, au mtoto akashindwa kukojoa, mpeleke hospitalini bila kungoja asubuhi. Watoto wengi huficha jeraha la sehemu za siri kwa kuona haya. Ni juu yetu wazazi kuhakikisha kwamba haya hiyo haitokani na ukali wetu.

Usiku huu, kabla ya kulala, fanya jambo moja. Nenda chooni mwako, piga magoti hadi macho yako yawe sawa na ya mtoto wa miaka mitatu, kisha inua kikalio ukiachilie. Kisikilize. Utajua mwenyewe kama una kazi ya kufanya wiki hii.

Tukutane Jumapili ijayo, panapo majaliwa.