KOTO YA JAPANI INATUFUNDISHA NINI JUU YA LULANGA YETU?



Munajua kama katika shule yetu kuna mabishano juu ya vyombo vya muziki. Korali inaomba kinanda kipya cha umeme. Wengine wanasema afadhali tutafute mzee wa kupiga lulanga na fundi wa kutengeneza likembe. Halafu wengine tena wanajibu: «Mambo ya wazee ibaki kijijini, shule ni ya maendeleo.» Sisi wa kikundi cha gazeti tunataka kutoa wazo letu. Lakini hatutaanza na Kongo. Tutaanza mbali, kule Japani, kwa sababu mabishano kama haya waliyafanya mbele yetu, ni zaidi ya miaka 140 sasa, na matokeo yake yanajulikana.

Mwaka 1879 serikali ya Japani iliweka ofisi ya kuchunguza muziki wa mashule. Wakati ule Wajapani walitaka kuwa sawasawa na nchi za Ulaya na Marekani kwa elimu na kwa nguvu. Mkubwa wa ofisi hiyo alikuwa Isawa Shuji, mwalimu aliyekwenda kusoma Marekani, katika Massachusetts. Kule nyimbo za Kizungu zilimsumbua sana, hakuweza kushika sauti zake, mpaka mwalimu mmoja wa Boston, Luther Whiting Mason, akamsaidia. Mwaka 1880 huyo Mason akaitwa Japani, akakaa mpaka 1882. Kati ya 1881 na 1884 wakatoa vitabu vitatu vya nyimbo za shule. Sauti nyingi zilitoka Ulaya na Marekani, maneno yakawa ya Kijapani. Wimbo mmoja, Hotaru no Hikari, unaimbwa kule wanafunzi wanapomaliza shule. Sauti yake ni ya wimbo wa Waskoti, Auld Lang Syne, ile ile ambayo maskauti wetu wanaimbaka kwa Kifaransa wakati wa kuagana. Kumbe sisi na Wajapani tulikula chakula cha chungu kimoja bila kujuana!

Tuseme haki: Isawa hakutaka kuua muziki wa baba zake. Aliandika kwamba anataka kuchanganya wa Mashariki na wa Magharibi. Hata nyimbo nyingi za shule zilitungwa kwa sauti tano tu, do, re, mi, sol, la, bila fa na bila si, kusudi Mjapani asisumbuke. Lakini kupanga ni kitu kimoja, kufanya ni kitu kingine. Katika klasi kilichobaki ni ogani, piano na solfeji. Vyombo vya inchi vilibaki inje ya mlango.

Ni vyombo gani? Tutaje viwili tu. Koto ni mti mrefu wa karibu sentimeta 180, umechongwa ndani, na juu yake kuna nyuzi 13. Kila uzi umekaa juu ya kidaraja chake, na mpigaji anasukuma vidaraja ili kubadilisha sauti. Anavaa kucha za kupigia katika vidole vitatu vya mkono wa kuume. Mkono wa kushoto unakandamiza uzi ili sauti ipande. Chombo hiki kilitoka China katika karne ya 8 hivi. Aliyekifanya kipendwe sana alikuwa kipofu, Yatsuhashi Kengyo, aliyekufa mwaka 1685. Cha pili ni shakuhachi, filimbi ya mwanzi yenye matundu matano, manne mbele na moja nyuma. Jina lake linasema urefu wake kwa kipimo cha Kijapani, ni kama sentimeta 54 na nusu. Wamonaki wa dini ya Fuke waliipiga kama maombi. Mwaka 1871 serikali ikavunja dini hiyo, na filimbi ikabaki bila nyumba.

Matokeo ilikuwa nini? Vijana walimaliza masomo wakijua kusoma nota za piano, lakini hawakujua namna ya kufunga uzi mmoja wa koto. Iliendelea hivyo miaka na miaka. Mwisho, katika programu ya masomo iliyoanza mwaka 2002, wizara ikaamuru kwamba kila mwanafunzi wa sekondari ya chini ashike angalau chombo kimoja cha Kijapani katika ile miaka mitatu. Lakini sasa shida mpya: nani atafundisha? Walimu wengi wenyewe walifundishwa piano. Muhesabu: toka 1879 mpaka 2002 ni miaka 123. Kufukuza chombo shuleni ni kazi ya siku moja, kukirudisha ni kazi ya vizazi.

Sasa turudi kwetu. Lulanga ya Bashi na koto ni za ukoo mmoja: mti uliochongwa na nyuzi zilizonyoshwa juu yake kwa urefu. Lakini ni wangapi kati yetu waliogusa lulanga? Tuhesabu vidole vya mkono mmoja, vinatosha.

Wakristo wengine wanasema: «Vyombo hivi vilitumika kwa mizimu, havifai kwa Mungu. Harmoniumu ndiyo chombo cha kanisa.» Hilo ni neno nzito, tusilicheke. Lakini tuchunguze hiyo harmoniumu. Ndani yake kuna ndimi ndogo za shaba, upepo unapopita zinatetemeka. Ulimi wa namna hiyo China waliutumia mbele ya Ulaya kwa miaka mingi sana, katika chombo kinachoitwa sheng: mianzi 17 imesimama juu ya kikombe, na mpigaji anapata sauti akipuliza na hata akivuta pumzi. Katika karne ya 18 sheng zilifika Ulaya. Padri Amiot, Mjesuiti aliyekaa Beijing, alituma za kwake Paris. Mafundi wa Ulaya wakajaribu huo ulimi katika vyombo vyao, na katika miaka ya 1840 Debain wa Paris akatoa harmoniumu. Na ile sheng, China waliipiga katika ibada za kifalme na sadaka za mababu! Basi kama harmoniumu haikuchafuka kwa ajili ya ndugu yake wa China, juu ya nini likembe ichafuke kwa ajili ya babu yetu?

Musome tena Mwanzo 4:21. Yubali, baba ya wapiga kinubi na filimbi, alikuwa wa uzao wa Kaini. Lakini Daudi hakukataa kinubi kwa sababu hiyo. Na Zaburi 150 inaita vyombo vya kila namna, vya nyuzi, vya kupuliza na vya kupigwa. Chombo hakina dini. Mtu ndiye ana dini.

Wengine wanasema: «Tuko na examen d'État, hatuna wakati.» Kweli, examen haitauliza lulanga. Lakini haiulizi hata kinanda cha umeme, na hakuna anayekataa korali ifanye mazoezi mara mbili kwa juma.

Hatusemi tutupe vya Wazungu. Mutazame Miyagi Michio, kipofu, aliyezaliwa mwaka 1894. Alisikiliza sana muziki wa Ulaya. Mwaka 1921 akatengeneza koto kubwa ya nyuzi 17 kwa ajili ya sauti za chini, na mwaka 1929 akatunga Haru no Umi kwa koto na shakuhachi, kipande kinachojulikana dunia nzima. Alijifunza kwa mgeni, akazidisha mali ya baba yake. Hiyo ndiyo maendeleo tunayotaka.

Na Korea inatuonyesha jambo moja zaidi. Sheria yao ya 1962 ililinda siyo majengo ya zamani tu, lakini hata ufundi ulio ndani ya watu. Mwaka 1964 ikaandikwa pansori, ambamo mwimbaji mmoja na mpiga ngoma mmoja wanasimulia hadisi kwa saa nyingi. Mtu mwenye kutambuliwa anapata msaada wa serikali, na anapashwa kufundisha wengine. Walielewa kwamba chombo katika kabati siyo muziki. Muziki unakaa katika vidole vya mtu, na mtu anakufa.

Basi tunaomba Bwana Prefe na baraza la walimu mambo matatu, hayaombi franka nyingi. Kwanza, saa moja ya muziki kwa mwezi iwe ya vyombo vya kwetu, na mzee anayejua aalikwe, apewe kiti na heshima kama mwalimu. Pili, katika kazi ya mikono wanafunzi watengeneze likembe. Mbao tunazo, na ndimi zinatoka katika rayo za kinga zilizokufa. Tatu, korali ijaribu wimbo mmoja tu kwa lulanga siku ya Sikukuu ya Mavuno, na kanisa ndilo lihukumu.

Kinanda cha umeme kinaweza kununuliwa mwaka ujao, hata nyuma ya miaka kumi. Mzee wa lulanga haiko vile.

Mwenye wazo lingine aandike, tutalichapa.

Kikundi cha gazeti