Ukishafungua boksi ndiyo basi tena? Mimi nakataa

Leo nina jambo linanikera roho, na najua siko peke yangu.

Mwezi uliopita niliagiza diski ya nje kwenye ukurasa mmoja wa Instagram, muuzaji yuko Kariakoo. Tangazo limeandikwa terabaiti 2, bei elfu sitini na tano. Nikatuma pesa kwa simu, mzigo ukaja na boti, nikaufata mwenyewe bandarini Malindi. Boksi zuri, nailoni yake juu. Kuchomeka kwenye kompyuta, inasoma terabaiti 2 kamili. Nikahamishia picha na video za harusi ya rafiki yangu. Mafaili ya mwanzo yanafunguka, ya baadae yote yamekufa. Fundi mmoja wa Darajani akaipima kwa programu ya bure inaitwa H2testw. Jibu: nafasi ya kweli ni GB 32 tu!

Nikamwandikia muuzaji. Akanijibu: "Ushafungua boksi bro, haipokeleki tena. Ungeirudisha na nailoni yake."

Sasa jamani, nauliza kwa nia njema kabisa: ningejuaje kama mbovu bila ya kuifungua?

Hilo ndilo swali la leo. Tembea Darajani mpaka Mlandege, maduka mangapi yana kibao au risiti yenye maneno yale yale, mali ikishauzwa hairejeshwi? Tumeshazoea mpaka tunaona kama ni aya. Na mtandaoni imekuwa mbaya zaidi, maana dukani angalau unamwambia muuzaji achomeke uone. Mtandaoni unalipa picha. Kukagua kwako kunaanza siku mzigo unapofika, yaani unapofungua boksi. Anaekwambia ukifungua umepoteza haki, anakwambia kwamba haki hujawahi kuwa nayo hata dakika moja.

Kwa wasiojua, diski na flashi feki za aina hii zinafanya kazi hivi: kuna chipu ndogo ndani inayosimamia kumbukumbu, na wajanja wanaipanga iseme uongo. Kompyuta ikiuliza "una nafasi kiasi gani?" inajibu 2000 wakati ina 32. Kwa nje huoni kitu, ukichomeka huoni kitu. Mpaka uijaze.

Nilipoelewa hivyo nikakumbuka darsa za chuoni, mlango wa biashara. Zamani wauzaji walikuwa wakifunga kiwele cha mbuzi au ngamia siku mbili tatu bila ya kumkama, ili mnunuzi aone kimejaa, adhani mnyama ana maziwa mengi. Mtume (SAW) akakataza, na Hadithi yake ipo kwa Bukhari na Muslim. Aliyenunua mnyama wa namna hiyo, baada ya kumkama, ana khiyari: akiridhika abaki nae, asiporidhika amrudishe pamoja na pishi ya tende. Na riwaya nyengine inataja siku tatu.

Hebu itazameni vizuri hukumu hii. Mbuzi KESHAKAMWA. Boksi limeshafunguliwa! Na bado anarudi, kwa sababu hakuna njia nyengine ya kuujua uongo isipokuwa kumkama. Lakini muuzaji nae hakuachwa mkono mtupu, analipwa tende kwa yale maziwa yaliyotumika. Hiyo ndiyo rai ya madhehebu ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu Unguja tunayafuata. Diski yangu ina tofauti gani na mbuzi yule? Kiwele kimefungwa tu.

Tuje kwenye sheria za serikali. Bara kuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, ambayo chimbuko lake ni sheria ya Waingereza ya 1893. Ndani yake kuna mambo matatu ya kushika. Kwanza, kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo. Pili, mnunuzi ambae hakukikagua kabla hahesabiwi kuwa amekikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kukikagua. Tatu, na hapa vijana tunajiponza wenyewe, ukikaa nacho muda mrefu bila kusema kitu, unahesabiwa umekubali. Kwa hiyo kinachokupotezea haki ni kukaa kimya, siyo kuchana nailoni.

Juu ya hiyo kuna Sheria ya Ushindani ya 2003, inayosimamiwa na FCC, ambayo inakataza kumdanganya mlaji kuhusu bidhaa. Na kwetu Zanzibar tunayo yetu, Sheria namba 5 ya 2018 ya ushindani halali na kumlinda mlaji, iliyounda tume inayoitwa ZFCC. Mbona mbili? Kwa sababu kumlinda mlaji si jambo la Muungano. Na hapa ndipo tunapobanwa sisi wa visiwani: mteja yuko Mkunazini, muuzaji yuko Kariakoo, katikati bahari. Kwa mzigo wa elfu sitini na tano nani atapanda boti kwenda kudai? Nauli ya kwenda na kurudi inakula faida yote ya kesi. Muuzaji anajua hesabu hiyo kuliko wewe.

Zamani kidogo kulikuwa na Jumia, duka lenye jina na utaratibu wa kurejesha ulioandikwa. Novemba 2019 wakafunga shughuli zao Tanzania. Sisi wengine tumebaki na kurasa za Instagram na magrupu ya WhatsApp, ambako duka ni namba ya simu. Ukidai sana unapigwa bloku, kesi imekwisha.

Wenzetu wamefanyaje? Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo 2011, likaanza kutumika Juni 2014: ukinunua kwa mbali una siku 14 za kurejesha hata bila ya sababu. Unaruhusiwa kufungua na kujaribu kama vile ungejaribu dukani. Ukizidisha matumizi, muuzaji anaweza kukukata kwa thamani iliyopungua. Si tende zile zile hizo? Ila programu na sidii zilizozibwa, ukishafungua huna ruhusa ya kubadilisha mawazo. Hapo karibu Kenya, sheria yao ya mlaji ya 2012 ina sehemu khasa ya mikataba ya intaneti: muuzaji asipokupa taarifa zinazotakiwa, unaweza kuuvunja mkataba.

Tusichanganye mambo lakini. Kurudisha kwa sababu rangi hukuipenda ni kitu kimoja, na kwetu mara nyingi itategemea makubaliano na muuzaji. Kurudisha kwa sababu umeuziwa uongo ni kitu chengine, hilo wala si ombi.

Na nimtetee muuzaji pia, maana wapo waaminifu wanaoumizwa. Kuna wateja wanachukua simu nzima, wanatoa betri au skrini nzuri, wanatia mbovu, halafu wanarudisha. Muuzaji ameumwa na nyoka, akiona ung'ong'o anashtuka. Hofu yake ni ya kweli, lakini dawa yake ni ushahidi, aandike namba ya kifaa kwenye risiti na apige picha kabla ya kufunga mzigo. Kumnyima haki kila mteja hakumkamati mwizi hata mmoja.

Na sisi tufanye yetu. Kabla ya kulipa, hifadhi picha ya tangazo, na muulize kwa maandishi: "Ikiwa mbovu unapokea?" Mzigo ukifika, rikodi video kuanzia nailoni. Jaribu siku hiyo hiyo: diski na flashi pima kwa H2testw au F3 kabla hujatia kitu chako. Simu bonyeza *#06#, linganisha IMEI na ya kwenye boksi, kisha itume kwenda 15090, namba iliyowekwa na TCRA. Mnakumbuka Juni 2016 simu feki zilivyozimwa usiku mmoja? Ukigundua kasoro acha kutumia, andika meseji hapo hapo, usipige simu tu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ilishautambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi. Ukishindwana nae, peleka malalamiko kwa tume, hata kama pesa ni kidogo. Wakipata malalamiko hamsini ya ukurasa mmoja ni hadithi nyengine.

Na ombi langu kwa ZFCC na FCC: kaeni pamoja mtutengenezee njia moja, mtu wa Unguja alalamike hapa hapa na jambo lifuatiliwe Dar. Boti tuachieni kwa safari za harusi.

Mimi diski yangu bado ninayo, na video za harusi zimepotea, hizo hata nikirudishiwa pesa hazirudi. Nimeshaandika malalamiko yangu. Wangapi wenu mmeambiwa "ushafungua boksi" mkanyamaza?

Nawakilisha.