Mwanao Anataka Gari la Mbio? Msomee Haya

Sijui kitu kinachowatia vijana wetu kiwewe kama gari fupi lililoinama karibu na lami, lenye milango miwili, linalonguruma kama simba aliyenyimwa nyama. Simama kando ya Barabara ya Ngong Jumapili jioni uwahesabu wanaogeuza shingo. Sikuja leo kumtoa mtu kwenye mapenzi yake. Nataka tuzungumze juu ya yale yanayotokea kati ya siku unapotuma pesa ng'ambo na siku unapofunga nambari za usajili mbele na nyuma, maana hapo ndipo akiba ya miaka huyeyuka mtu akitazama.

Mama mmoja wa Buruburu ameniandikia barua. Mwanawe yuko Doha, Qatar, huu ukiwa mwaka wake wa nne, na anatazamia kurejea nyumbani moja kwa moja mwishoni mwa mwaka ujao. Huko ameliona Ford Mustang, jeupe, bei yake nafuu kuliko anayoisikia Nairobi. Anataka alinunue, alipakie melini, alipokee Mombasa. Mama anasema pesa ni za kijana, hilo halikatai, lakini ni zile zile walizokubaliana zimalizie nyumba ya mashambani. Anauliza kama ana haki ya kumzuia.

Mama, mzuie kwanza, na usitaje nyumba hata kidogo. Mwambie akupigie picha ya usukani.

Qatar, kama mataifa mengine ya Ghuba, watu huendesha upande wa kulia wa barabara na usukani huwa kushoto. Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto, isipokuwa magari ya kazi maalum kama ambulensi na ya zimamoto. Haijalishi ni jipya kiasi gani wala limelipiwa ushuru kiasi gani. Mustang za usukani wa kulia zipo. Ford ilianza kuzitengeneza kiwandani mwaka 2015 kwa ajili ya Uingereza, Australia na nchi nyingine za namna hiyo. Gari lile lile likitoka London laweza kupata nambari za Kenya. Likitoka kwenye ua wa muuzaji wa Doha, la. Na msidanganyike na magari yanayoletwa huku kutoka Dubai. Mengi ni ya Japani yaliyopitia hapo tu, na usukani wake ni wa kulia.

Lakini mwanao ana bahati ambayo huenda haijui. Sheria ya forodha inamruhusu Mkenya anayerudi nyumbani kabisa kuleta gari moja bila kutozwa ushuru. Sharti awe ametimiza miaka 18, awe ameishi nje angalau miaka 2, na katika miaka hiyo 2 siku alizokuja likizo nyumbani zisizidi 90 zikijumlishwa zote. Gari lenyewe awe amelimiliki na kulitumia kule kwa miezi 12 au zaidi kabla ya kurudi. Na aliyekuwa na gari la usukani wa kushoto anaweza kuliuza huko huko, kisha akaleta la usukani wa kulia lisilozidi thamani ya lile la kwanza, mradi awe na hati za kuthibitisha kwamba lilikuwa lake kwa muda huo na kwamba ameliuza.

Kwa hiyo akilinunua sasa, akaliendesha Doha mwaka mzima, akatunza kila karatasi, msamaha huo anaweza kuuomba. Akilinunua leo na kulipakia melini mwezi ujao, atakuwa amenunua pambo la bandarini. Aandikie Mamlaka ya Ushuru Nchini, KRA, na apate jibu kwa maandishi kabla hajatoa hata riyal moja. Kuhusu nyumba na gari, hilo ni la nyinyi wawili. Ningekuwa mimi ningepiga mabati kwanza.

Sasa niwageukie wengine, maana si kila mtu ana mwana Doha. Wengi wenu mnatazama magari ya Japani na Uingereza.

La kwanza ni umri. Kenya haikubali gari lililozidi miaka 8, na hesabu hufuata mwaka gari liliposajiliwa mara ya kwanza kule lilikotoka. Mwaka 2025, yaliyokubaliwa ni yale yaliyosajiliwa kuanzia Januari 1, 2018. Mwaka unaofuata hesabu husogea mbele mwaka mmoja. Na linaloangaliwa ni kufika, si kununua. Kila Desemba kuna watu wanaokesha wakiuliza habari za meli, kwa sababu gari lililokuwa halali tarehe 31 huwa limezeeka tarehe 1.

Halafu ukaguzi, ambao hufanywa kabla gari halijapanda meli. Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, huwa na mawakala huko Japani, Uingereza, Milki za Kiarabu na kwingineko, nao hulipima gari na kutoa cheti kwamba linafaa barabarani. Hutazama breki, taa, matairi, chasisi iliyoliwa na kutu, na idadi ya kilomita isije ikawa imerudishwa nyuma. Magari ya Japani hupimwa mnururisho pia, tangu ajali ya mtambo wa nyuklia wa Fukushima ya mwaka 2011. Na hupimwa moshi. Hapa kwenye moshi naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo magari ya mbio huanguka kuliko magari ya kina baba.

Gari la kisasa la petroli lina chombo kilichofichwa kwenye bomba la moshi, karibu na injini. Jina lake la kitaalamu ni katalitiki konveta. Sisi tukiite konveta. Kwa nje ni kama mkebe wa chuma. Kwa ndani kuna kitu mfano wa sega la nyuki, chenye vijitundu maelfu, kilichopakwa madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi wenye sumu ukipita humo hubadilika. Kaboni monoksaidi, ile hewa isiyo rangi wala harufu inayoua watu waliojifungia na jiko la makaa, hugeuka kaboni daioksaidi. Mabaki ya petroli isiyoungua hugeuka mvuke wa maji na kaboni daioksaidi. Oksaidi za naitrojeni, zinazochangia ule ukungu mchafu wa mijini, huvunjwa zikawa naitrojeni ya kawaida.

Tatizo la konveta ni kwamba hubana pumzi ya injini kidogo. Mwenye gari la mbio, awe Osaka, Birmingham au Umoja, husikia kwamba akiing'oa gari litapata nguvu na litalia vizuri zaidi. Basi huing'oa, huchomelea bomba tupu, na gari huanza kupiga risasi kila anapoachilia mafuta. Miaka mitatu baadaye huliuza, na wewe uliye Nairobi unaona picha zake zinametameta. Picha hazitoi moshi.

Wenzetu wanavyolipima ni hivi. Huko Uingereza, gari likishafikisha miaka 3 huanza kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT. Injini ikiwa moto, fundi huingiza kijibomba kwenye ekzosi, hukanyaga mafuta hadi mizunguko kati ya 2,500 na 3,000 kwa dakika, na mashine husoma. Kwa magari mengi ya petroli, kaboni monoksaidi isizidi asilimia 0.2, na injini ikiachwa ilale yenyewe isizidi asilimia 0.3. Aidha, gari lililotoka kiwandani na konveta likikutwa halina huanguka papo hapo. Huko Japani ukaguzi wa kwanza ni baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na gharama yake ndiyo sababu mojawapo inayowafanya watu wa huko wayaachie magari ambayo sisi twayaona mapya.

Mnaona basi cha kufanya. Ukinunua Uingereza, omba nambari ya gari na uitazame historia yake ya MOT, ambayo iko wazi kwa yeyote kwenye mtandao wa serikali ya huko, bila malipo. Utaona lilianguka mwaka gani na kwa kosa gani. Ukinunua Japani, omba karatasi ya mnada, na muulize muuzaji kwa maandishi kama konveta ni ile ile ya kiwandani. Omba picha ya chini ya gari. Omba pia picha ya dashibodi injini ikiwa inanguruma, uone kama ile taa ya njano yenye umbo la injini imezimika. Taa hiyo aghalabu huwaka kwa sababu kifaa cha kupima oksijeni kwenye moshi kimelalamika.

Na kuna gari zima kabisa linaloweza kuanguka kwa uzembe. Konveta haifanyi kazi ikiwa baridi. Hadi ipate joto la nyuzi 250 hivi au zaidi, hupitisha sumu kama bomba la kawaida. Gari lililosukumwa mita 50 kutoka maegeshoni hadi kwa mpimaji litasoma vibaya hata kama halina ila. Liendeshwe nusu saa kwanza. Hili ni la bure.

Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu ameniuliza kama, gari likishasajiliwa, anaweza kuing'oa konveta hapa hapa Grogan. Mafundi wapo, kijana, na wengine watakufanyia bure. Jiulize kwa nini fundi wa mjini afanye kazi bure: ile sega ina madini yenye bei, na atakayeyauza si wewe. Kenya ina kanuni za ubora wa hewa na kanuni za kelele, na ekzosi tupu huvunja zote mbili kwa mpigo. Mwaka 2025 serikali ilitoa rasimu ya kanuni za kutaka hata magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka 4 yakaguliwe. Kununua konveta mpya ukishaitwa huko kutakukumbusha bei ya ile uliyoitoa sadaka.

Wanaosema matatu nayo yatoa moshi mweusi mbele ya polisi, nawasikia. Ni kweli, na inaudhi.

Tuje kwenye ushuru. KRA haitazami risiti yako. Hutazama orodha yake yenyewe ya bei za magari yakiwa mapya, hupunguza kwa kadiri ya umri wa gari, na thamani inayobaki ndiyo hutozwa. Kwa hiyo kumwomba muuzaji aandike bei ndogo hakukusaidii chochote. Tuchukue gari ambalo thamani yake ya forodha imetokea kuwa shilingi 1,000,000, kwa viwango vya mwaka 2025. Ushuru wa kuingiza ni asilimia 35, yaani 350,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini iliyozidi sisi 1,500 ni asilimia 25, na hutozwa juu ya jumla ya hizo mbili: 337,500. Kodi ya VAT ya asilimia 16 hupanda juu ya vyote hivyo: 270,000. Ada ya tangazo la bidhaa asilimia 2.5 na ya reli asilimia 2 ni 45,000. Jumla ni 1,002,500. Gari limezaa pacha.

Injini ya petroli ikizidi sisi 3,000, ushuru wa bidhaa hupanda hadi asilimia 35 na jumla hufika 1,159,100. Ikiwa haizidi 1,500, ni asilimia 20, na jumla ni 924,200. Ndiyo maana nawaambia wanaotaka Mazda Roadster, lile dogo la wazi ambalo kwingine huitwa MX-5: la paa la turubai linalouzwa Japani tangu mwaka 2015 lina injini ya lita 1.5, na ndugu yake wa paa gumu, RF, ana lita 2.0. Kwa macho ni mapacha. Kwa mtoza ushuru si mapacha hata kidogo.

Bima ya gari likiwa baharini ikate kwa kampuni ya Kenya, ndivyo ilivyotakiwa tangu mwaka 2017. Na hati zote zimfikie wakala wako wa forodha mapema, kwa sababu siku za bure bandarini zikiisha, Kilindini huanza kuhesabu.

Ushuru ukishalipwa, usajili wenyewe si mzigo. Wakala hupeleka maombi kwa NTSA kupitia mtandao wa eCitizen, unalipa ada kulingana na ukubwa wa injini, unangoja nambari. Hizi za kizazi kipya, zilizoanza na KDK mwaka 2022, hutengenezwa na wafungwa wa Kamiti. Usikubali kuambiwa uendeshe gari kutoka Mombasa bila nambari eti karatasi ziko kwenye simu.

Logbuku ikitoka, itoe nje ukaisome mbele ya gari boneti ikiwa wazi. Nambari ya chasisi, herufi kwa herufi. Nambari ya injini. Mwaka. Rangi. Ukubwa wa injini. Tarakimu moja iliyokosewa huonekana ndogo leo, na hukuzuia kuliuza gari miaka 5 baadaye. Sehemu ya mwisho ya ujira wa wakala ibaki mfukoni mwako hadi umalize kusoma.