Acheni Genge Lisimame

Mtoto wa Kitanzania hufundishwa tangu shule ya msingi kwamba ramani ni mchoro wa ardhi kama inavyoonekana kutoka juu. Kwa mpima viwanja, maelezo hayo yanatosha. Ubaya ni kwamba tumeyafanya kuwa amri, na sasa wanachapwa nayo hata vijana wanaochora nchi za kubuni kwa ajili ya hadithi na michezo ya kompyuta. Kijana akichora genge, yaani ukuta wa mwamba, limesimama, au maporomoko yanayomwaga maji, anaambiwa amechanganya mambo: achague kuchora ramani au kuchora picha.

Amri hiyo ni mbovu, na pa kuionea ubovu wake ni Bujora.

Nenda kwenye makumbusho hayo ya Wasukuma ya Bujora, pale Kisesa, kilomita zipatazo 20 kutoka Mwanza mjini. Mawe ya matale yamebebana, mengine yanamzidi mtu kimo mara kadhaa. Tuseme kijana wa hapo anachora nchi ya Shing'weng'we, zimwi lililomeza watu wote hadi Masala Kulangwa alipoliua. Zimwi lenyewe atalificha wapi kama si nyuma ya mawe kama haya? Akitii amri, kila jiwe linageuka kiduara, na ule ukuta unaomzuia shujaa kupita unabaki mstari mwembamba. Ndivyo hesabu ilivyo: uso uliosimama wima, ukiutazama kutoka juu, hauna eneo. Ramani inayosifiwa kwa usahihi imefuta jambo ambalo msafiri alilihitaji kuliko yote.

Wataniambia kontua zipo, ile mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja. Zipo, lakini kontua zikipishana mita 20, jiwe la mita 15 linaweza kukaa katikati yake bila kuguswa na mstari hata mmoja. Wachoraji wa ramani wenyewe walilihangaikia hilo zamani. Mwaka 1799 Johann Georg Lehmann, ofisa wa jeshi la Saxony huko Ujerumani, aliweka utaratibu wa vistari vinavyofuata mteremko, vikinenepa kadiri mteremko unavyokuwa mkali. Waswisi nao, kwenye ramani zao za milima ya Alps, huchora miamba ikaonekana miamba, na sijasikia mtu akisema Waswisi hawajui ramani.

Ipo hoja moja ya kuheshimu: genge lililosimama linakula nafasi na kuficha kilicho nyuma yake. Kweli. Lakini hebu tazama barabara. Kwenye ramani ya 1:50,000, mstari wa nusu milimita ni mita 25 ardhini. Ni njia gani ya vumbi wilayani Magu yenye upana huo? Barabara tumeisamehe kwa sababu tunaihitaji, basi na genge lisamehewe. Lile linalotazama kaskazini, ambalo limetupa mgongo, lipewe ukingo tu na vijino vifupi upande wa kushukia. Nyuma hapafichwi kitu.

Kwenye maporomoko amri hiyo inaaibika kabisa. Maporomoko ya Ripon pale Jinja, Nile ilipokuwa inatoka Ziwa Victoria, yalikuwa na kimo cha mita 4 hivi. Mpelelezi Mwingereza John Speke aliyafikia mwaka 1862, miaka minne baada ya kulitazama ziwa hili akiwa Mwanza, na yaliandikwa kwenye ramani hadi bwawa la Owen Falls lilipoyazamisha katika miaka ya 1950. Kalambo, mpakani mwetu na Zambia, maji yanaanguka zaidi ya mita 200. Kutoka juu, mawili hayo ni kitu kimoja: povu kidogo kwenye mstari wa bluu.

Vijana nao wasijifiche nyuma yangu. Wengi hutundika maporomoko katikati ya tambarare, mto umekatika tu na povu limewekwa. Maji yameanguka kutoka wapi? Genge lazima liendelee kulia na kushoto kwa mto, na ardhi ya chini iwe kweli chini, ama uwanda, ama korongo lenye kuta zake.

Na anayeshikilia bado kwamba ramani ni kutoka juu tu, achukue kalamu anichoree Jiwe la Bismarck, lile lililosimama ziwani Mwanza, kwa amri yake hiyo. Kisha amwonyeshe mtu yeyote wa Mwanza, amuulize pale ni wapi.