"Tulilalaga" si kosa

Kaa kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Ifakara, hutachelewa kusikia mbeba magunia akisema: "Kabla ya daraja tulilalaga ng'ambo." Mwalimu akisikia atamsahihisha; mgeni wa Dar es Salaam atacheka. Wote wanaamini kwamba -ga ni uchafu wa watu wa bara, Kiswahili kisicho na sarufi. Imani hiyo ni potofu, na inawaumiza watu bure.

Sikiliza alichosema huyo mbeba magunia. Kabla ya Daraja la Magufuli kufunguliwa mwaka 2018, Mto Kilombero ulivukwa kwa kivuko, na msafiri wa Mahenge au Malinyi aliweza kukwama ng'ambo usiku kucha. "Tulilala" ingetaja tukio tu. "Hulala" ina mazoea, lakini hu- haikai pamoja na -li-. Kiswahili sanifu kina "tulikuwa tukilala", tena ni nzuri. Yeye amesema yote hayo kwa silabi moja.

Kwenye kukanusha ndiko -ga inakoshinda kabisa. Ukiambiwa fulani "halimi", je, halimi sasa hivi, au kulima si kawaida yake? Ifakara watasema "halimagi", na shaka imekwisha. Tena irabu haibandikwi ovyo: analimaga, halimagi, muwege mnalima. Inafuata kitenzi kinapobadilika, na mtoto ambaye hajaanza shule anaipatia. Hiyo isipokuwa sarufi, sarufi ni nini?

Wala haikuzuka vijiweni. Mwaka 1967 mwanaisimu Mbelgiji, A. E. Meeussen, aliiweka -ag- katika sarufi ya Mame-Bantu, lugha ya kale iliyozaa lugha za Kibantu. Wasukuma waliohamia bonde la Kilombero na ng'ombe wao wanayo katika lugha yao, na Wakenya wengi wana "anakujanga". Kihindi nacho huweka alama ya mazoea, -ta, mwishoni mwa kitenzi, kisha kitenzi kisaidizi hutaja wakati: jata hai, huenda, jata tha, alikuwa akienda. Sijasikia mtu akikiita kibovu.

Kiunguja ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa usanifu mwaka 1928, na -ga ikabaki nje. Uamuzi huo ulihusu lahaja. Haukupima akili ya wasemaji wa bara. BAKITA na waandishi wa vitabu vya sarufi waieleze -ga kwa kanuni zake. Mwalimu naye amfundishe mtoto "tulikuwa tukilala" kwa ajili ya mtihani, bila kumwambia kwamba mama yake hajui kusema.