Unga wa seli shina hautanyoosha mguu wa mtoto (Sehemu ya 6)

Najua niliahidi leo tutaongelea chanjo ya miezi 9. Naomba tuisogeze kidogo, kuna ujumbe uliniingilia juzi usiku umeninyima raha, na mwenyewe kaniruhusu niuseme bila kumtaja.

Ana mtoto wa wiki 5. Kazaliwa na mguu kifundo, ule wa kushoto, unyayo umegeukia ndani. Wodini alikojifungulia aliambiwa "utanyooka tu, usijali". Sasa kuna mtu kampelekea boksi la unga wa "stemu seli", achanganye kidogo kidogo kwenye maziwa. Hela aliyotoa ndo ile ya kodi ya nyumba. Alipouliza unafanyaje kazi akajibiwa: seli zikishaingia mwilini zinajua zenyewe pa kwenda.

Hayo maneno ya mwisho ndiyo yamenifanya niandike. Maana seli shina ni kitu cha kweli kabisa. Ni seli ambazo bado hazijachagua kazi, zinaweza kuja kuwa mfupa, msuli, damu. Lakini ukisoma wanaozikuza maabara wamegundua nini miaka hii, utaona ni kinyume cha alichosema muuzaji. Seli shina hazijui zenyewe. Zinaambiwa. Na moja ya vitu vinavyoziambia ni mguso: ugumu wa mahali zilipokaa, kuvutwa, kubanwa.

Nipeni dakika mbili niwaeleze jaribio moja, nalipenda sana. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichukua seli shina zinazotoka kwenye uloto wa mifupa ya binadamu wakaziweka juu ya jeli. Jeli zote zimepakwa protini ileile, seli zinapewa chakula kilekile. Tofauti ni ugumu tu. Jeli moja laini kama ubongo, nyingine imekaza kama msuli, nyingine ngumu zaidi, kama ule utando unaotangulia mfupa. Zilizokaa kwenye laini zikaanza kutoa matawi kama seli za neva. Za katikati zikaelekea kwenye msuli. Za kwenye ngumu zikaelekea kwenye mfupa. Seli zilezile jamani!

Inajuaje? Inashika na kuvuta. Seli ina nyuzi ndani zinazojikunja, ndugu na zile za msuli wa mkono wako, na kwa hizo inapima pale ilipokaa, kama wewe unavyominya parachichi sokoni kabla hujatoa hela. Pakibonyea, ujumbe mmoja unaingia ndani. Pakigoma, ujumbe mwingine. Watafiti walipozizuia zile nyuzi kwa dawa, seli zikashindwa kutofautisha laini na ngumu. Sio kwamba mguso ndo kila kitu, kemikali za mwili nazo zina sauti kubwa. Ila bila mguso sahihi, kazi haikamiliki.

Wanaokuza msuli wa moyo wameliona hilo vizuri zaidi. Siku hizi seli shina haitafutwi lazima kwenye mimba. Tangu kazi ya Shinya Yamanaka wa Japani, aliyepata Nobel mwaka 2012, seli ya kawaida ya ngozi au damu inaweza kurudishwa nyuma iwe shina tena, halafu ikaongozwa iwe seli ya moyo. Inadunda kweli, unaiona kwenye hadubini. Lakini inabaki changa, kama ya moyo wa mtoto aliye tumboni. Mwaka 2018 timu ya Gordana Vunjak-Novakovic, Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ilitoa majibu ya njia yao: kipande cha msuli kinatandikwa kati ya nguzo mbili ndogo zinazonesa, kama kamba ya kuanika nguo, kikijikunja kinapambana na nguzo. Kisha wakakipigisha kwata kwa umeme mdogo, kila siku mapigo yanaongezwa kidogo, wiki kadhaa. Kikakomaa kuliko vile vilivyoachwa vikae tu. Na bado ni kipande kidogo cha maabara, hakijafikia moyo wa mtu mzima.

Fikiria sasa. Watu wenye maabara ya mamilioni wanahangaika na nguzo na umeme ili seli ikubali kukomaa, halafu mtu wa boksi anakwambia koroga kwenye maziwa.

Na kuna waliojaribu kukata kona. Mwaka 2011 daktari Paolo Macchiarini, katika hospitali ya Karolinska huko Stockholm, aliweka kwa mgonjwa bomba la hewa la plastiki lililopakwa seli shina za mgonjwa mwenyewe. Dunia ikapiga makofi. Seli hazikugeuza plastiki kuwa koo. Mgonjwa yule alifariki 2014, na wengine waliofuata nao hawakupona. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa ya Sweden ilimhukumu daktari huyo miaka 2 na nusu jela. Hiyo ilikuwa hospitali kubwa, na seli hai, sio unga.

Tukija kwenye boksi lenyewe. Ligeuze usome nyuma. Mara nyingi utakuta ni dondoo la tufaha, au zabibu, au kondo la mnyama. Limekaushwa, kwa hiyo hakuna seli hai humo. Hata ingekuwepo, tumbo lingeimeng'enya kama linavyomeng'enya maharage. Na mtoto wa wiki 5 hatakiwi kupewa kitu chochote zaidi ya maziwa ya mama, mpaka miezi 6, labda dawa aliyoandikiwa.

Kuna mtu ataniuliza, "Mbona watoto wa sikoseli wanapandikizwa uloto na wanapona?" Swali zuri. Ni kweli, hata hapa kwetu Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inafanya. Lakini zile ni seli hai za damu, za mtu aliyepimwa akaonekana anafanana na mgonjwa, zinaingizwa kwenye mshipa, na zina nyumba inayozisubiri ndani ya mifupa. Damu haihitaji kuwa na umbo. Mguu unahitaji.

Na hapa ndo penye uchungu wangu, kwa sababu mguu kifundo una tiba, na tiba yake ni hiyohiyo habari ya kuvuta. Daktari Ignacio Ponseti, Mhispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, aliona kwamba mifupa ya katikati ya mguu wa mtoto mchanga bado ni gegedu, na kano zake zinakubali kunyooshwa taratibu. Mguu unashikwa kwa upole, unasogezwa kidogo, unafungwa plasta. Wiki ijayo plasta inatolewa, unasogezwa tena. Kwa wengi ni plasta 5 hadi 7. Tishu inavyoshikiliwa pale, inajipanga upya kwa umbo jipya. Watoto wengi pia wanakatwa kidogo mshipa wa kisigino, kidonda kidogo sana. Halafu viatu vyenye kijiti katikati: saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha usiku tu mpaka miaka 4 au 5. Kwenye viatu ndipo mama wengi wanakata tamaa, mtoto analia, majirani wanasema unamtesa, na mguu unarudi ulikotoka. Nawaelewa. Ila vumilieni.

Tafadhali msimvute wenyewe nyumbani, wala kumpeleka kwa anayekanda kwa nguvu. Nguvu nyingi inaumiza gegedu.

Wauguzi wenzangu mnaonisoma, na sisi tuna deni. Tunasema "utanyooka tu" kwa sababu zamu imetuchosha, na mama anaondoka bila karatasi ya rufaa. Wengine wetu, tuseme ukweli, ndo wanaouza hayo maboksi. Sare yako inauza kuliko unga wenyewe, unalijua hilo.

Yule mama nimemwandikia aliulizie kliniki ya mifupa ya watoto kwenye hospitali ya rufaa iliyo karibu naye. Wiki 5 bado ni mapema vizuri. Kaniambia anakwenda Alhamisi, na boksi hajalifungua, anajaribu kurudishiwa hela. Kama una mtoto wa hivyo, hata kashafika mwaka, usiseme nimechelewa, nenda. Chanjo ya miezi 9 nitaiweka Jumamosi, inshallah, nikitoka zamu ya usiku.