Ukongwe wa Bustani za Suzhou Uko Wapi?

Mwaka 1860 bustani za China zilipata mapigo mawili. Mwezi Juni waasi wa Taiping, waliokuwa wakipigana na dola ya Qing, waliuteka Suzhou, mji wa mifereji ulio magharibi ya Shanghai ambao kwa karne nyingi ulisifika kwa bustani za maofisa wastaafu na matajiri. Mwezi Oktoba majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliipora Yuanmingyuan, bustani ya wafalme iliyo kaskazini-magharibi ya Beijing, kisha Waingereza wakaitia moto kwa amri ya mjumbe wao, Lord Elgin. Leo mgeni wa Yuanmingyuan hukuta maziwa, nyasi, na nguzo za marumaru zilizolala kifudifudi. Mgeni wa Suzhou hukuta maji yametulia, mabanda yamepakwa rangi, na kibao cha mlangoni kinachomwambia kwamba bustani hii ni ya karne ya 16, ile ya karne ya 11. Kama zote ziliumia mwaka mmoja, kwa nini moja imekuwa gofu na nyingine tunaiita kongwe? Swali hilo ndilo lililozaa toleo hili. Jibu langu ni kwamba ukongwe wa bustani za Suzhou haumo ndani ya jiwe wala mti. Umo katika ujuzi wa kuzijenga upya, na ujuzi huo umetunzwa na mikono ya waashi na maseremala zaidi kuliko na kalamu za wasomi ambao tumezoea kuwapa sifa zote.

Tuanze na Zhuozheng Yuan, bustani kubwa kuliko zote za Suzhou zilizobaki na pengine maarufu kuliko zote. Mwanzilishi wake ni Wang Xianchen, ofisa aliyeacha utumishi na kuanza kuijenga yapata mwaka 1509. Rafiki yake, mchoraji Wen Zhengming, alichora mandhari yake 31 mwaka 1533, kila moja na shairi lake, na mwaka 1551 akarudia baadhi katika picha nane ambazo sasa zimo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Anayezitazama picha hizo baada ya kuitembelea bustani yenyewe hushtuka. Zina wigo wa mianzi, kijito, banda la paa la nyasi, mtu mmoja ameketi, na nafasi wazi tele. Majengo ni machache ya kuhesabika. Bustani ya leo imejaa kumbi, varanda zilizopinda na madirisha ya nakshi kuzunguka bwawa lenye visiwa. Mwanahistoria Craig Clunas, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu bustani za enzi ya Ming, alionyesha kwamba mwanzoni mwa karne ya 16 bustani ya namna hii ilikuwa kwa sehemu kubwa shamba. Ilikuwa na michungwa na mboga, na heshima ya mwenyewe ilitokana na ardhi inayozaa. Baada ya Wang kufa, inasimuliwa kwamba mwanawe aliipoteza kwenye kamari. Ikauzwa, ikagawanywa, ikaungwa, ikapita mikononi mwa maofisa na wafanyabiashara. Li Xiucheng, jemadari wa Taiping, akaiingiza katika kasri lake. Umma ulifunguliwa milango mwaka 1952, na upande wake wa mashariki ukapangwa upya katika muongo huohuo. Sehemu kubwa ya kinachopigwa picha na watalii pale katikati ni kazi ya karne ya 19.

Zhuozheng Yuan si ya pekee. Canglang Ting ilianzishwa na mshairi Su Shunqin katika miaka ya 1040, kwenye kiwanja alichokinunua kwa sarafu 40,000. Mwishoni mwa karne ya 17 gavana Song Luo aliijenga upya na kulihamisha banda lake mashuhuri kutoka kando ya maji hadi juu ya kilima, na mwaka 1873 ikajengwa tena baada ya vita vya Taiping. Liu Yuan ilianza mwaka 1593, ikapata sura nyingine mwaka 1798, ikanunuliwa na kukarabatiwa na Sheng Kang kuanzia mwaka 1873, ikageuzwa zizi la farasi wakati wa vita vya karne ya 20, ikafufuliwa mwaka 1953. Wachina wenyewe hawakuhitaji mwanahistoria wa kigeni kuwaeleza hayo. Mwaka 1095 Li Gefei aliandika kuhusu bustani 19 za mji wa Luoyang na kuonya kwamba kustawi na kuporomoka kwao ni kipimo cha hali ya mji mzima. Kizazi kimoja baadaye Luoyang ulikuwa mikononi mwa Wajurchen, wavamizi kutoka kaskazini. Mwishoni mwa enzi ya Ming, Liu Shilong alifika mbali zaidi. Kwa kuwa bustani zote za kale zimetoweka na kubaki kwenye maandishi tu, alisema, yeye angejenga ya kwake kwenye karatasi moja kwa moja. Akaieleza bustani isiyokuwapo, ambayo haingii mvua wala haigharimu kitu.

Ndipo wengi wanapotoa hitimisho kwamba bustani ya Kichina ni kazi ya fasihi, na kwamba kilichoiokoa ni maandishi. Hoja hiyo ina nguvu. Katika riwaya ya Cao Xueqin ya karne ya 18, Hongloumeng, bustani mpya imeshajengwa na kupandwa kila kitu, lakini baba mwenye nyumba haioni kuwa imekamilika mpaka azunguke ndani yake pamoja na wasomi na mwanawe wakiipa kila sehemu jina na maneno ya kuandikwa juu ya mlango. Suzhou nako hakuna banda lisilo na kibao cha maneno, na mara nyingi jina ndilo lililovuka karne wakati mbao zimeoza. Ua wa milokwati na banda la machungwa yanayongoja baridi, pale Zhuozheng Yuan, bado vinataja shamba la matunda ambalo halipo tena.

Hata hivyo, tukiitazama historia ya kitabu ambacho ndicho kingepaswa kubeba ujuzi wote huu, hoja ya maandishi inapwaya. Ji Cheng, aliyezaliwa mwaka 1582 huko Wujiang karibu na Suzhou, alikuwa mchoraji aliyegeuka kuwa mpangaji wa mawe na bustani. Alimaliza kuandika Yuanye mwaka 1631, nacho kikachapishwa miaka michache baadaye. Ndicho kitabu kamili cha kwanza tunachokijua cha ufundi wa bustani nchini China. Kinafundisha kuchagua kiwanja, kupanga majengo, kutengeneza milango na madirisha, kurundika mawe, na kuazima mandhari iliyo nje ya ukuta. Lakini kilichapishwa kwa msaada wa Ruan Dacheng, mwanasiasa ambaye jina lake lilichukiwa, na nchini China kikafifia karibu kisahaulike. Nakala zilitunzwa Japani, na kikarudi kuchapishwa China katika miaka ya 1930. Kwa hiyo kwa karibu miaka 300 kitabu hakikuwa mezani kwa wajenzi, na bustani zikaendelea kujengwa, nyingine kwa ustadi usio na mfano.

Ushahidi mkubwa ni Huanxiu Shanzhuang, bustani ndogo ya Suzhou. Mapema katika karne ya 19 fundi Ge Yuliang alijenga pale, kwenye kiwanja kinachoweza kumezwa na ua wa shule, mlima wa mawe ya chokaa kutoka ziwa Taihu. Ndani yake mna bonde, genge, pango na njia inayopanda na kushuka mpaka mtu apoteze kipimo cha umbali. Wajuzi wengi wanauhesabu kuwa bora kuliko milima yote ya mawe iliyobaki China. Mwandishi Qian Yong, aliyemfahamu, alihifadhi mazungumzo yao. Ge hakupenda mapango ya Shizilin, bustani ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1342, kwa sababu dari zake zilitegemea mabamba ya mawe yaliyolazwa juu. Yeye alifunganisha mawe makubwa na madogo moja kwa jingine, kama anavyofanya mjenzi wa daraja la tao, ili uzito wenyewe uyakaze. Huo ni ujuzi wa uhandisi, na haumo kwenye shairi lolote. Uko kwenye jicho linalojua jiwe hili litaegemea wapi, na kwenye mkono uliokwisha kunyanyua mawe mengi.

Ujuzi huo hauishii kwenye mawe. Wangshi Yuan, nayo ya Suzhou, ina eneo la takriban nusu hekta tu, nyumba za kuishi zikiwemo, na bado mtu huizunguka akidhani kuna zaidi. Siri iko kwenye mambo yanayoonekana kuwa madogo. Bwawa halina kisiwa, kwa hiyo maji yanabaki wazi na kuakisi anga. Kwenye kona yake moja maji yanapenya kama kijito chini ya daraja la mawe linalovukwa kwa hatua chache, nawe huoni yanapoishia. Majengo mazito yamerudishwa nyuma ya mawe na miti yasiuonee uso wa maji, na yale yaliyosogea ukingoni ni mepesi na ya chini. Kuta nyeupe zinapokea vivuli vya mianzi. Mchoro wa vipimo ungeweza kukupa urefu na upana wa vyote hivyo, lakini usingekuambia kwa nini daraja lile lazima liwe dogo kiasi kile. Likikuzwa mara mbili tu, bwawa lote linakuwa dimbwi.

Ua mmoja wa bustani hiyohiyo ndio uliokuwa kielelezo cha Astor Court, iliyofunguliwa mwaka 1981 ndani ya jumba la Metropolitan. Kabla ya kuijenga New York, mafundi waliijenga kwanza Suzhou kwa ukubwa wake kamili. Nguzo zilitengenezwa kwa mbao za nanmu, tanuru la kale lililowahi kuchoma vigae vya wafalme likawashwa tena, na kikosi cha watu 27 kikasafiri kwenda kuiunganisha. Wapo wanaoona nakala tu katika jambo hilo. Mimi naona kwamba baada ya miongo ya vita na misukosuko, wapo waliokuwa bado wanajua kuchonga kiungo cha mbao bila msumari na kulichagua jiwe kwa mashimo na mikunjo yake.

Msomaji makini atapinga mara moja: kama ukongwe ni ujuzi wa kujenga upya, basi kila bandia ni halisi, na kiwanja cha filamu kinastahili heshima sawa na Liu Yuan. Pingamizi hilo linasahau kwamba jadi yenyewe ina mahakimu wakali. Shen Fu, katika kumbukumbu zake za mwanzoni mwa karne ya 19, aliuona mlima wa mawe wa Shizilin kuwa kama rundo la makaa yaliyoungua, lililofunikwa kuvumwani na kutobolewa na sisimizi. Katika Hongloumeng, Baoyu, yule mwana wa mwenye nyumba, anathubutu kumpinga baba yake mbele ya wageni kuhusu shamba la kuigiza lililowekwa ndani ya bustani, kwa kuwa halina kijiji jirani wala mlima unaolishikilia, limechomoza pale bila asili. Hawa hawaulizi kitu kina umri gani. Wanauliza kama kimekaa mahali pake. Pale Zhuozheng Yuan, ukisimama upande wa mashariki wa bwawa, unauona mnara wa pagoda ya Beisi ukitokeza juu ya miti kana kwamba umo ndani ya bustani, ilhali uko zaidi ya kilomita moja nje yake. Nakala ya bustani hiyo iliyojengwa mji mwingine ingekuwa na kila kigae isipokuwa mnara huo. Na kwa kanuni hiyohiyo sioni sababu ya kuijenga upya Yuanmingyuan. Bustani za Suzhou zilikarabatiwa na watu waliotaka kuishi ndani yake, na kazi ikaendelea pale ilipokatika. Yuanmingyuan haina tena mkaazi, na nguzo zake zilizoanguka ni ushahidi wa kitendo cha mwaka 1860 ambao jengo jipya lingeufuta.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nami sitaki kulikwepa. Kusifu mikono ya mafundi kunaweza kuficha nani aliyewalipa na nani aliyeumia. Mfalme Huizong wa enzi ya Song alianza mwaka 1117 kujenga Genyue, mlima wa bustani katika mji mkuu wa Kaifeng. Zhu Mian, wakala wake huko Suzhou, alinyang'anya mawe na miti kwenye nyumba za watu, akayasafirisha kwa misururu ya mashua, na madaraja yakabomolewa ili mawe makubwa yapite. Uchungu wa wananchi ulikuwa miongoni mwa sababu za uasi wa Fang La mwaka 1120. Genyue ilikamilika mwaka 1122. Mji ulipozingirwa na Wajurchen, miti yake ikawa kuni. Hakuna ustadi unaofuta hayo. Lakini tuone kosa lilikuwa wapi: jiwe lilipewa thamani kupita mtu aliyelibeba. Anayeamini kwamba urithi umo ndani ya kitu chenyewe anarudia hesabu ileile kwa upole zaidi, maana atalilinda jiwe na kumwacha fundi azeeke bila mwanafunzi.

Mambo haya yana uzito wa sera. Bustani nne za Suzhou ziliingia kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1997, na nyingine tano zikaongezwa mwaka 2000, mwaka uleule ambao Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa. Tayari mwaka 1994 wataalamu waliokutana Nara, Japani, walikubali kwamba uhalisi haupimwi kwa mabaki ya kale peke yake, bali pia kwa matumizi, jadi na mbinu za ujenzi. Mwaka 2009 ufundi wa ujenzi wa mbao wa China, ukiwemo ule wa mafundi wa Xiangshan wanaotoka kando ya Suzhou, uliorodheshwa kama urithi usioshikika. Orodha mbili hizo zinatunzwa kana kwamba zinahusu vitu viwili, lakini ukarabati wa bustani za orodha ya kwanza unahitaji watu wa orodha ya pili. Kwa sababu hiyo makala za toleo hili zinaanza na waashi wa mawe ya Taihu, wachomaji wa vigae na maseremala wa Xiangshan, na washairi na wachoraji wanafuata baada yao.